Je, mataji 22 ya Steffi Graf yana doa? Jibu kwa mzazi wa South C

Swali: Mwalimu, binti yangu wa miaka 12 anajifunza tenisi hapa Nairobi na siku hizi hachoki kutazama video za zamani za Steffi Graf wa Ujerumani. Mjomba wake ni shabiki wa Serena Williams wa tangu zamani, na kila akija nyumbani humwambia mtoto kwamba mataji ya Graf ni ya kuokota, kwa kuwa mpinzani wake mkuu, Monica Seles, alidungwa kisu na shabiki wa Graf, na kwamba bila tukio hilo Graf angekuwa mchezaji mzuri wa kawaida tu. Je, ni kweli? Na je, mtoto wa leo ana la kujifunza kwa mchezaji aliyestaafu mwaka 1999?

Jibu: Mama, mjomba ana nusu ya habari mkononi, na nusu hiyo ni ya kweli na ya kuhuzunisha. Tarehe 30 Aprili 1993, mjini Hamburg, Monica Seles alikuwa akicheza robo fainali dhidi ya Magdalena Maleeva wa Bulgaria. Alikuwa akiongoza 6-4, 4-3, ameketi kitini katika mapumziko mafupi ya kubadilishana pande, pale Günter Parche alipojitokeza kutoka upande wa watazamaji na kumdunga kisu mgongoni. Parche hakuficha nia yake: alimpenda Graf kupita kiasi na alitaka Seles aondoke njiani ili Graf arudi kuwa nambari moja duniani. Seles alikuwa na umri wa miaka 19. Kidonda kilipona mapema, lakini hofu haikuondoka, naye hakurejea mashindanoni hadi Agosti 1995. Mahakama ilimpa Parche kifungo cha nje cha miaka miwili, na Seles akakataa kucheza tena Ujerumani maisha yake yote ya uchezaji.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba hakulitaja na ambalo lingemsaidia. Kati ya Januari 1991 na Januari 1993, Seles alishiriki mashindano manane ya Grand Slam (yale makubwa manne ya kila mwaka: Melbourne, Paris, Wimbledon mjini London, na New York) na kushinda saba. Alikosa moja tu, Wimbledon ya mwaka 1992, ambako Graf alimshinda kwenye fainali 6-2, 6-1. Kwa hiyo mtu asidai kwamba kisu kile hakikubadilisha historia ya tenisi. Kilibadilisha, na aliyelipa gharama ni Seles.

Hata hivyo hoja ya mjomba ina hatua mbili, na ya pili haitokani na ya kwanza. Kusema kwamba Seles aliporwa ni kweli. Kusema kwamba Graf aliishi kwa kilichoporwa, na kwamba bila hicho angekuwa wa kawaida, ni dai linaloweza kupimwa, na kalamu na kipande cha karatasi vinatosha.

Graf alistaafu akiwa na mataji 22 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja mmoja. Kabla ya tukio la Hamburg alikuwa tayari ana 11: Paris mwaka 1987, yote manne mwaka 1988, matatu mwaka 1989, Melbourne 1990, na Wimbledon 1991 na 1992. Kumi na moja hayo peke yake yangetosha kumweka mtu yeyote miongoni mwa mabingwa wakuu wa mchezo huu, na kisu hakihusiki nayo hata chembe. Tukiruka hadi mwisho, baada ya Seles kurejea, Graf alishinda mengine matano: New York 1995, Paris, Wimbledon na New York 1996, kisha Paris 1999. Katika fainali zote mbili hizo za New York aliyekuwa ng'ambo ya wavu ni Seles mwenyewe, na mwaka 1999 mjini Paris wawili hao walikutana katika nusu fainali. Graf alishinda mara zote tatu.

Yanabaki mataji sita ya kipindi ambacho Seles hakuwepo: Paris, Wimbledon na New York mwaka 1993, Melbourne 1994, kisha Paris na Wimbledon 1995. Kati ya hayo mawili ni ya Wimbledon, na Seles hakuwahi kutwaa taji la Wimbledon, si kabla ya kudungwa wala baada yake, nyasi hazikumpenda. Basi yanayoweza kubishaniwa kwa haki ni manne. Hapo nampa mjomba haki yake yote, kwa sababu Paris, New York na Melbourne vilikuwa viwanja ambavyo Seles alikuwa anavitawala. Tumpe Seles yote manne, bila kubakisha hata moja, jambo ambalo ni ukarimu uliopita kiasi. Graf angebaki na 18, idadi ileile waliyostaafu nayo Martina Navratilova na Chris Evert. Sijawahi kumsikia mtu mwenye akili timamu akimwita Navratilova mchezaji wa kawaida.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki hiyo ni ya wote wawili. Graf hakumtuma Parche. Alikwenda kumwona Seles hospitalini, na siku chache baadaye akapoteza fainali ya Hamburg kwa Arantxa Sánchez Vicario, mbele ya Wajerumani wenzake. Katika mechi 15 walizocheza Graf na Seles, Graf alishinda 10, na alikuwa mbele kwa sita dhidi ya nne hata kabla ya siku ile ya Aprili. Kweli, katika fainali za Grand Slam za kipindi hicho Seles ndiye aliyekuwa akimzidi, tatu kwa moja, ikiwemo ile ya Paris ya 1992 iliyokwisha 10-8 katika seti ya tatu. Ulikuwa ushindani halisi wa watu wawili waliolingana nguvu, na huenda ungekuwa mkubwa kuliko wote wa zama hizo kama ungeachwa ujiendeshe. Hilo ndilo lililoporwa, na tuliokuwa watazamaji tuliporwa nasi pia.

Sasa niseme kuhusu mataji yale mawili ya Wimbledon, kwa sababu neno "kuokota" ndilo lililoniudhi zaidi. Mwaka 1993 Graf alicheza fainali dhidi ya Jana Novotná wa Jamhuri ya Czech. Novotná alikuwa mbele 4-1 katika seti ya tatu, naye ndiye aliyekuwa akisevu, yaani akianzisha mpira, akihitaji pointi moja tu afikishe 5-1. Akakosea sevu zote mbili. Kuanzia hapo mkono wake ukawa mzito, na Graf akachukua gemu tano mfululizo: 7-6, 1-6, 6-4. Wengi wanaikumbuka mechi ile kwa machozi ya Novotná begani mwa mke wa Duke wa Kent, wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, wakati wa kukabidhiwa zawadi. Ningependa binti yako aitazame kwa jicho lingine, amwangalie Graf katika gemu zile tano: hakujaribu pigo la ajabu hata moja, alirudisha kila mpira ndani, akaiacha hofu ya mwenzake ifanye kazi yake.

Fainali ya 1995 ilikuwa ngumu zaidi. Yeye na Sánchez Vicario walikuwa 5-5 katika seti ya tatu, Mhispania akisevu. Gemu hiyo moja ilichukua takriban dakika 20. Zilichezwa pointi 32, walifungana 40 kwa 40 mara 13, na mtu angedhani hakuna atakayekubali kuiachia. Graf aliinyakua, kisha akasevu gemu iliyofuata bila kuyumba, na taji likawa lake, 4-6, 6-1, 7-5. Aliyeokota kitu hachoki namna ile.

Watu wakizungumza kuhusu Graf huanza na mwaka 1988, na ni haki yao. Alishinda Grand Slam zote nne na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Seoul ndani ya mwaka mmoja, akiwa na umri wa miaka 19. Kabla yake wanawake wawili tu walikuwa wameshinda zote nne katika mwaka mmoja, Maureen Connolly mwaka 1953 na Margaret Court mwaka 1970, na katika zama zao tatu kati ya nne zilichezwa kwenye nyasi. Graf alilazimika kushinda kwenye sakafu ngumu mjini Melbourne, ambako mashindano yalikuwa yamehamia mwaka huohuo, kwenye udongo mjini Paris, kwenye nyasi mjini London, na kwenye sakafu ngumu ya aina nyingine mjini New York. Fainali ya Paris dhidi ya Natasha Zvereva ilikwisha 6-0, 6-0 kwa muda wa nusu saa na ushei. Wimbledon ilikuwa na ladha tofauti: Navratilova, aliyekuwa ameshinda taji hilo miaka sita mfululizo, alikuwa mbele 7-5, 2-0, na kutoka hapo Graf akashinda gemu 12 kati ya 13 zilizobaki. Baadaye, mwaka 2021, Diede de Groot na Dylan Alcott walifikia kiwango hicho cha Grand Slam nne na dhahabu katika tenisi ya viti vya magurudumu. Nje ya tenisi hiyo, hakuna mwingine aliyefanikiwa katika mchezo wa mmoja mmoja, mwanamume wala mwanamke.

Hata hivyo kwa maoni yangu kipindi chake kikubwa si 1988. Ni 1995 na 1996. Majeraha yalikuwa yanamsumbua kiasi kwamba hakwenda Melbourne miaka yote miwili. Agosti 1995 babake, Peter Graf, ambaye ndiye aliyemfundisha na kumsimamia tangu utotoni, alikamatwa Ujerumani kwa kukwepa kodi ya mapato ya binti yake, na Januari 1997 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na miezi tisa. Wapelelezi walikuwa wakipekua karatasi zake na waandishi wa habari wakimwandama kila aendako. Katika hali hiyo alishiriki Grand Slam sita na kuzishinda zote sita. Mwezi mmoja baada ya babake kuingia korokoroni alikuwa New York akicheza fainali na Seles aliyekuwa amerudi kwa kishindo. Alishinda 7-6, 0-6, 6-3. Itazame seti ile ya pili aliyopoteza bila gemu hata moja, halafu jiulize alipata wapi nguvu ya kuianza ya tatu. (Na mzazi yeyote anayeshika fedha za mtoto mwenye kipaji aisome habari ya Peter Graf mara mbili.)

Taji lake la mwisho, Paris 1999, lilikuja akiwa karibu na umri wa miaka 30, baada ya upasuaji wa goti na miezi mingi nje ya uwanja, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kumwandikia buriani. Katika mashindano hayo alimshinda nambari tatu wa dunia, Seles, nambari mbili, Lindsay Davenport, na kwenye fainali nambari moja, Martina Hingis, msichana wa miaka 18 aliyekuwa pointi tatu tu kutoka kwenye ushindi. Hingis alivuka wavu kwenda kubishania alama ya mpira, akaadhibiwa pointi, watazamaji wakamgeuka, na Graf akaupindua mchezo: 4-6, 7-5, 6-2. Miezi miwili hivi baadaye, Agosti, alitangaza kustaafu akiwa nambari tatu duniani. Alikuwa ameongoza orodha ya ubora kwa wiki 377, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2023 ilipovunjwa na Novak Djokovic, na kwa wanawake bado inasimama. Alikuwa na mataji 107 ya mchezaji mmoja mmoja, na ndiye mchezaji pekee, wa jinsia yoyote, aliyeshinda kila moja ya Grand Slam nne angalau mara nne.

Kuhusu Serena, namwomba mjomba asiwageuze wawili hawa kuwa mahasimu. Serena ana mataji 23 ya Grand Slam, aliyoyapata kati ya 1999 na 2017, na sevu yake haijapata kifani kwa wanawake. Aliifikia rekodi ya Graf ya wiki 186 mfululizo kileleni mwaka 2016 lakini hakuivuka, kwa sababu alitokea Mjerumani mwingine, Angelique Kerber, akamtoa. Kerber alikua akimtazama Graf na aliwahi kwenda kufanya naye mazoezi Las Vegas, anakoishi Graf na mumewe Andre Agassi. Mwaka huo wa 2016 Kerber alimshinda Serena kwenye fainali ya Melbourne, akawa Mjerumani wa kwanza kutwaa Grand Slam ya mmoja mmoja tangu Graf mwenyewe. Hivyo ndivyo urithi unavyotembea, na si kupitia ubishi wa sebuleni. Nje ya uwanja Graf alianzisha mwaka 1998 shirika la kuwahudumia watoto waliojeruhiwa nafsi na vita na ukimbizi, na tangu hapo amejiepusha na kamera kadiri awezavyo.

Nije sasa kwa binti yako. Kitakachomvutia kwanza ni foahendi ya Graf, pigo la upande wa mkono wa raketi, maana ndiyo silaha iliyompa jina. Mwambie aitazame lakini asiiige. Graf aliupiga mpira akiwa amechelewa, karibu sana na mwili, kwa mkono mwepesi ajabu, na hiyo ilifaa kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kumfikisha mahali mapema. Mtoto asiye na miguu ile akiiga mkono ule atapiga nje siku nzima. Kuna zoezi nililowapa wanafunzi wengi: tazama pointi kumi za Graf huku umeifunika sehemu ya juu ya skrini kwa karatasi, ubaki unaona miguu tu. Utaona vihatua vidogo visivyokoma, kiruko kidogo kila mpinzani anapopiga, na jinsi alivyozunguka kona ya kushoto ili aupige kwa foahendi mpira ambao wengine wangeupiga kwa bekihendi, pigo la upande wa pili. Hayo yanaigika, na mtoto wa miaka 12 ndiye mwenye umri wa kuyaiga.

La pili ni slaisi yake ya bekihendi, mpira unaokatwa kwa chini ukapita karibu na wavu na kuteleza bila kuinuka. Siku hizi makocha wengi wanaifundisha kwa kupitia tu, kwa kuwa karibu kila msichana anapiga bekihendi ya mikono miwili. Mimi naona kwa Nairobi ni kosa kuipuuza. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, mpira unaruka mbali na mzunguko wake haushiki hewa kama unavyoshika Mombasa. Ndiyo maana kuna mipira maalumu iliyoidhinishwa kwa michezo ya nyanda za juu, ingawa watoto wengi hupewa mipira yoyote iliyopo. Katika hali hiyo mchezaji anayetegemea kuzungusha mpira kwa nguvu ili ushuke ndani mara nyingi huuona ukipita mstari wa nyuma, na mwenye slaisi iliyotulia humlazimisha mwenzake apinde magoti na kuuinua mpira wa chini. Asiache mikono miwili, aongeze slaisi.

La tatu ni lako wewe, mama, zaidi ya mtoto. Peter Graf alimpa bintiye raketi iliyokatwa mpini akiwa na miaka mitatu au minne. Steffi aliingia tenisi ya kulipwa Oktoba 1982 akiwa na miaka 13, akacheza mechi yake ya kwanza Filderstadt dhidi ya Tracy Austin, akapigwa 6-4, 6-0. Taji lake la kwanza la wakubwa lilikuja Aprili 1986, alipomshinda Chris Evert huko Hilton Head. Ilikuwa miaka mitatu na nusu ya kushindwa, kukua na kupunguziwa idadi ya mashindano ili mwili usichakae, na katika hilo la kumpunguzia mashindano babake alikuwa sahihi. Hapa kwetu naona watoto wa umri wa binti yako wakisukumwa kucheza kila wikendi, kwa sababu mzazi anahesabu pointi za orodha ya vijana. Angella Okutoyi, aliyekulia hapahapa Nairobi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akiwa na miaka 18. Muda upo.

Kwa ratiba ya sasa ningependekeza siku tatu za uwanjani kwa wiki na siku moja ya kukimbia na kuruka kamba bila raketi, na mashindano yasizidi mara moja kwa mwezi hadi atimize miaka 14. Slaisi aanze nayo akiwa karibu na wavu, kwa mipira ya kurushiwa na mkono, kabla ya kurudi nyuma hadi mstari wa mwisho. Na mjomba akija tena, mkaribisheni atazame nanyi fainali ya New York ya mwaka 1995 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Seles mwenyewe yumo, na alicheza vizuri sana.